Daftari la Baba na Mkanda wa Motokaa

Mimi ni karani wa parokia hapa kwetu Buswelu, upande wa Ilemela, Mwanza. Kazi yangu ya kila siku ni kuandika. Naandika waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliofariki. Mtu akija kutafuta cheti baada ya miaka 30, nafungua kitabu na kumwonyesha jina lake. Mara nyingi nimewaonya wale wanaokuja bila kujua hata mwaka waliobatizwa: "Ndugu, mambo yako yaandike, na ukishayaandika, yasome!" Leo nataka kukusimulia jinsi mimi mwenyewe, mwenye kuonya wenzangu, nilivyokutwa na kosa lile lile, tena juu ya kitu kilichokuwa mlangoni pangu.

Labda utasema, "Mimi sina motokaa, habari hii hainihusu." Ngoja kidogo. Kama huna motokaa, basi wapanda daladala ya mwenzako. Kama hupandi daladala, basi wapeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga, au mama watoto ana cherehani. Vyombo hivi vyote vina sehemu zisizoonekana ambazo huchakaa kimya kimya. Kwa hiyo tusikilizane.

Motokaa yenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 1994. Baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliinunua kwa mafao yake ya kustaafu mwaka 2006. Alipofariki mwaka 2019, ndugu zangu wakakubaliana niitunze mimi, kwa kuwa ndiye niliyebaki nyumbani. Nami nilisomea ualimu, katika Chuo cha Butimba, lakini ajira ya serikali haikunifikia, na parokia ikanipa kalamu. Basi, tangu hapo motokaa ile imekuwa mali ya kitongoji kizima. Mama akishikwa na uchungu usiku wa manane, mlango unaogongwa ni wangu. Mgonjwa akizidiwa, wanasema, "Mwendeeni Karani." Sijutii jambo hilo. Nalisema tu ili ujue kwamba motokaa ile ikisimama, si mimi peke yangu ninayesimama.

Mwaka 2024 jambo moja lilitokea ambalo lilinifungua macho. Jirani yetu mmoja alikuwa na Hiace ya dizeli, ikifanya kazi ya abiria kati ya huku kwetu na Nyakato. Siku moja, ikiwa inapanda kilima na abiria wamejaa, ikatoa mlio mmoja, tak! ikazima. Haikuwaka tena. Fundi alipofungua injini akakuta valvu zimepinda kama misumari iliyogongwa vibaya, na pistoni mbili zina majeraha kichwani. Sababu yake ni mkanda mmoja wa mpira uliokatika, unaoitwa mkanda wa taimingi.

Cha kuhuzunisha zaidi ni hiki. Hiace za namna ile zina taa ndogo kwenye dashibodi, imeandikwa T-BELT. Kazi yake ni kuwaka kilometa zikitimia, kumwambia mwenye gari: badili mkanda. Taa hiyo ilikuwa imewaka siku nyingi. Dereva, kwa kuwa ilimsumbua macho usiku, aliifunika kwa kipande cha plasta. Jirani yangu alikaa miezi bila gari, na watoto wawili wakarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Jioni ile mke wangu alikuwa anashona sare za shule barazani. Nilipomweleza habari za mkanda, akauliza, "Mkanda gani huo wa kuharibu injini nzima? Mashine ya kusaga mkanda wake huteleza kila siku, na hakuna kinachopinda."

Swali lake lilikuwa zuri, nami nikajaribu kulijibu kama mwalimu. Mkanda wa mashine ya kusaga ni laini. Ukiteleza, jiwe hupunguza mwendo tu, na unga huchelewa. Lakini mkanda wa taimingi una meno, kwa sababu kazi yake si kuvuta tu, bali kupanga zamu. Ndani ya injini pistoni hupanda na kushuka, zikizungusha chuma kikubwa cha chini kiitwacho krenkishafti. Juu yake kuna valvu, ndiyo milango ya kuingizia hewa na petroli na kutolea moshi. Milango hiyo hufunguliwa na chuma kingine, kamshafti. Tangu Mjerumani Nikolaus Otto alipotengeneza injini yake mwaka 1876, utaratibu umekuwa wa hatua nne: kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa moshi. Katika hatua hizo nne krenkishafti huzunguka mara mbili, na kamshafti mara moja tu. Ndiyo maana puli ya juu ina meno mara mbili ya puli ya chini. Gari likiwa mwendoni, krenkishafti ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufungwa mara 25 kwa sekunde moja. Anayeziambia valvu "sasa ni zamu yako" ni mkanda ule wa mpira.

"Ukikatika?" akauliza.

"Ukikatika, valvu zinabaki zimefunguka, na pistoni bado inapanda kwa nguvu. Katika injini nyingi, hasa za dizeli, hugongana."

Mke wangu akatazama cherehani yake, akasema, "Basi ni kama sindano na bobini. Zikipishana kidogo tu, sindano inavunjika."

Kumbe alikuwa amesema ukweli kuliko alivyojua. Mikanda ya mpira yenye meno ilianza kutumika Marekani miaka ya 1940, tena kwenye cherehani, ili sindano na bobini zifuate mwendo mmoja. Baadaye ndipo ikaingia kwenye magari. Motokaa ya kwanza kuuzwa kwa wingi ikiwa na mkanda wa namna hiyo ndani ya injini ilikuwa Glas 1004 ya Ujerumani, mwaka 1962.

Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Na la kwetu lilibadilishwa lini?"

Nilinyamaza. Miaka mitano nilikuwa naendesha gari lile. Nilibadili oili, nilitia viraka, nilinunua betri. Mkanda huo sikuwahi kuuwaza hata siku moja. Corolla yetu ni ya petroli na haina taa ya T-BELT. Nikasema, "Sijui."

"Baba mkwe alikuwa anaandika," akasema. "Angalia daftari lake."

Ni kweli. Katika droo ya dashibodi kulikuwa na daftari la shule, jalada limepauka kwa jua. Nililijua, lakini nililiacha pale kama kumbukumbu ya marehemu, kama mtu anavyotunza kofia ya baba yake bila kuivaa. Nikalifungua kwa taa ya kibatari, maana umeme ulikuwa umekatika. Mwandiko wa baba ulikuwa ule ule wa ubaoni, herufi zilizosimama wima. Kila oili, kila tairi, kila plagi, pamoja na tarehe na kilometa. Nikafika ukurasa wa saba: "Mkanda wa taimingi, mpya. Km 84,310. Tarehe 12/3/2011. Mwingine: km 160,000 au miaka 7, kwa sababu ya vumbi. USISAHAU."

Nikaenda kusoma mita ya gari. Ilisema 183,000 na ushei.

Ndugu msomaji, nilikaa ndani ya gari lile nikihesabu. Mkanda ulikuwa umepita kilometa 98,000, na miaka 13 ilikuwa imekwisha. Nilifikiri juu ya akina mama wote niliowapeleka hospitali usiku, barabara tupu. Baba alikuwa ameniachia onyo kwa herufi kubwa, nami, karani, mtunza vitabu vya watu, sikulisoma. Dereva wa Hiace aliifunika taa yake kwa plasta. Mimi ya kwangu niliifungia kwenye droo. Niambie, tofauti yetu ni nini?

Asubuhi nikamwendea fundi mmoja. Akaniambia, "Injini hiyo ni mpole, mkanda ukikatika haigongi valvu. Ngoja ukatike ndipo uje." Ni kweli mafundi wanaijua injini ya 5A, ya cc 1,500, kuwa mpole kwa namna hiyo. Lakini nilimfikiria mama mwenye uchungu kwenye kiti cha nyuma, saa nane usiku, gari limezima gizani. Upole wa injini ungemsaidia nini yeye? Nikamwendea fundi wa pili. Huyo alikubali, lakini bei yake ilizidi nusu ya posho yangu ya mwezi. Basi nikaamua kuifanya kazi mwenyewe, nyumbani, chini ya mwembe wetu. Nakiri kwamba haikuwa fedha tu iliyonisukuma. Kulikuwa na majivuno kidogo pia.

Nilinunua mkanda mpya mjini kwa kutaja jina la injini na namba ya chesisi. Nikanunua na puli yenye kukaza mkanda pamoja na springi yake, na sili mbili za oili, moja ya krenkishafti na moja ya kamshafti. Hizi usizionee fedha. Adui wa mkanda wa mpira ni oili. Ukiweka mkanda mpya juu ya sili inayovuja, umetupa mkanda.

Kijana mmoja wa gereji aliniazima boksi spana na powa bara. Usiku nikaketi, nikaandika andalio la kazi kama tulivyofundishwa kuandika andalio la somo: zana, hatua, muda, na mwisho tathmini. Zilitoka hatua 15. Nikampa mwanangu wa kwanza, mwenye miaka 11, karatasi na penseli, nikamwambia, "Kila hatua nikiimaliza, wewe tia alama."

Jumamosi asubuhi tulianza, injini ikiwa baridi. Tukatoa waya wa betri. Tukazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, na kwa mawe Mwanza hatuna shida! Upande wa kulia tukainua kwa jeki, tukaweka kigogo kinene cha mti chini ya chesisi. Naomba hili ulishike: jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea. Usimwache mtu, wala wewe mwenyewe, chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tukavua gurudumu, tukatoa mikanda ya nje, tukafungua plagi zote nne ili injini izunguke kwa wepesi, tukaondoa kifuniko cha tapeti. Kwa kuwa mguu mmoja wa injini hupita katikati ya mkanda, hapana budi kuufungua, na injini ishikwe kwa chini na jeki ya pili, juu yake kipande cha ubao ili sampo isibonyee.

Wakati huo akapita mzee mmoja wa jirani, aliyeendesha malori ya pamba zamani. Akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Mwalimu," akainama, akachungulia. "Umeshaweka alama?"

"Bado, Babu."

"Weka kabla hujalegeza chochote. Na ukishafunga, zungusha kwa mkono mara mbili kabla ya kutia ufunguo. Chuma kikigomea mkono wako, kinakuambia kitu. Ukikilazimisha kwa stata, hakikuambii tena, kinavunjika."

Nikamwambia, "Babu, hilo nimeliandika. Ni hatua ya 14." Akacheka, akaenda zake.

Alama zenyewe ni hivi. Unazungusha krenkishafti kwa spana, kufuata mshale wa saa, mpaka mkato wa puli ya chini ulingane na sifuri iliyoandikwa kwenye kifuniko, na juu, tundu dogo la puli ya kamshafti lilingane na alama ya kifuniko cha beringi. Juu na chini vikikubaliana, pistoni namba moja iko juu kabisa, na hapo ndipo pa kufungulia. Mimi niliongeza alama zangu kwa rangi nyeupe ya kucha ya mke wangu.

Bolti ya puli ya chini ilitushinda saa nzima. Mwanangu alikanyaga breki, gia iko ndani, nami nikaning'inia kwenye bomba nililolivika powa bara, mpaka ikalia, kwaa! ikalegea. Tukarudi kuhakikisha alama, maana injini ilisogea kidogo. Kisha tukafungua vifuniko vitatu vya plastiki, na mkanda wa baba ukaonekana.

Kwa nje ulikuwa mweusi, mzima, wala huwezi kuushuku. Nikalegeza puli ya kukazia, nikauchomoa, nikaukunja kwa vidole kuelekea nyuma. Hapo ndipo nilipoona. Kwenye mashina ya meno palikuwa na nyufa nyembamba, moja baada ya nyingine, na meno mawili yalikuwa yameanza kunyanyuka. Sikuweza kusema neno. Nilimwita mke wangu aje aone. Akaushika, akasema tu, "Mungu ni mwema," akarudi jikoni.

Tukabadili sili, tukafunga puli mpya. Lakini jua lilikuwa linashuka. Nilikuwa nimechoka, mikono imechubuka, na nilikuwa nimetangaza kwa kila mpita njia kwamba jioni gari litawaka. Nikauvika mkanda mpya, nikaachia springi ikaze, nikafunga bolti. Alama zilionekana zimelingana, au karibu kulingana. Nikarudisha vifuniko na kila kitu mahali pake, nikaunganisha betri, nikatia ufunguo.

Liliwaka. Majirani wawili wakapiga makofi. Lakini mimi nilisikia mara moja kwamba si sauti yake. Injini ilitetemeka kama mtu mwenye homa, na nilipokanyaga mafuta ilinguruma bila nguvu. Nikaanza kushikashika distribyuta, nikisema labda ni moto wa plagi. Nikasema labda ni petroli. Nikasema labda litazoea. Ndugu yangu, chuma hakizoei!

Saa tano usiku mlango uligongwa. Jirani wa nyumba ya tatu, mtoto wake ana homa kali na ameanza kustuka. "Karani, tusaidie." Nilisimama pale na ufunguo mkononi. Kusema lile gari halifai kulinitia aibu, baada ya makofi ya jioni. Lakini niliona mbele yangu barabara ya gizani. Nikamwambia, "Ndugu yangu, gari nimelifungua leo na nimekosea mahali. Siwezi kukuahidi kwamba litafika." Tukatoka wote mbio kutafuta bajaji. Ilipatikana baada ya nusu saa. Mtoto alitibiwa, akapona, tumshukuru Mungu. Lakini nusu saa ile ilikuwa ndefu, na mama yule alilia njia nzima. Sijaisahau.

Niliporudi nilikuta taa inawaka sebuleni. Mwanangu alikuwa ameamka kwa kelele, ameketi na mama yake, karatasi ya kazi mezani. Akaniambia kwa woga, "Baba, kuna moja sikuitia alama."

Nikaitazama. Hatua ya 1 mpaka ya 13, alama. Hatua ya 15, "kuwasha," alama. Hatua ya 14, "zungusha kwa mkono mara mbili, angalia alama upya," palikuwa peupe.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa una haraka, Baba."

Mke wangu hakusema kitu, wala hapakuwa na haja. Katika chuo tulifundishwa kwamba somo bila tathmini ni nusu ya somo. Niliruka tathmini, na mtoto aliyeandika ukweli kwenye karatasi alikaa nao kimya kwa kuniogopa mimi. Nililala na jambo hilo.

Jumapili sikugusa spana. Baada ya Misa nilimwendea yule mzee, nikamweleza yote. Hakunicheka. Akaniambia, "Ulipovika mkanda, uliacha ulegevu upande usio na puli ya kukazia. Springi ilipovuta, puli ya juu ikazunguka ikaruka jino moja. Lingezungushwa kwa mkono ungeliona."

Jumatatu jioni, baada ya kufunga ofisi, tulifungua tena. Safari hii ilichukua saa tatu tu, maana mikono ilishajua njia. Na kweli, mkato wa chini ulipokuwa kwenye sifuri, tundu la juu lilikuwa limepita alama kwa jino moja. Jino moja tu! Nikavika upya, nikianzia puli ya chini, nikaupandisha mkanda upande usio na puli ya kukazia ukiwa umenyooka kabisa, ulegevu wote ukabaki upande wa springi. Kisha nikamwita mwanangu. Nikampa spana yeye. Akazungusha taratibu, kufuata mshale wa saa, mzunguko wa kwanza, wa pili. Hakuna kilichogoma. Alama za juu na chini zikarudi mahali pake. "Sasa tia alama," nikamwambia. Akatia, tena kubwa. Ndipo nikakaza bolti ya puli ya kukazia, tukafunga, nikatia ufunguo. Injini ikatulia. Hata mke wangu barazani aliinua kichwa, akasema, "Hiyo ndiyo."

Sasa, msomaji, yafaa nikuachie machache ya kushika.

Kwanza, kama una motokaa ya zamani, uliza injini yake ina mkanda au mnyororo. Toyota ndogo nyingi za kuanzia mwaka 2000 hivi, kama Vitz na IST, zina mnyororo, na mwenyewe hana haja ya kuwaza mkanda. Lakini Corolla za kale, na Hiace na Land Cruiser nyingi za dizeli za miaka hiyo, zina mkanda. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilometa 100,000. Penye vumbi na joto, au miaka ikiwa mingi, usingoje zitimie. Kama ulinunua gari kwa mtu na hujui mkanda ulibadilishwa lini, basi hesabu kwamba haujabadilishwa.

Pili, usidanganywe na macho. Mkanda huu haulii kama breki, wala hautoi moshi. Umefichwa nyuma ya kifuniko, na siku ya mwisho hufanya kazi sawasawa na siku ya kwanza, mpaka dakika ile unapokatika. Anayejua umri wake ni yule aliyeandika.

Tatu, kama huna uzoefu, usianzie kwenye dizeli. Injini yangu ilikuwa mpole, ikanisamehe jino moja. Ile ya jirani isingesamehe. Si aibu kumlipa fundi, na hata ukimlipa, keti karibu naye, na kabla hajawasha mwombe kwa adabu: "Fundi, tuzungushe kwa mkono kwanza." Fundi mzuri hatakasirika.

Nne, wewe mwenye mashine ya kusaga, pampu ya maji au bodaboda: nunua daftari la bei ndogo. Andika siku uliyobadili mkanda, beringi, mnyororo, oili. Andika na siku ya kubadili tena. Lakini daftari lisifungiwe droo. Ukurasa wa baba yangu ulikuwa na kila kitu nilichohitaji kujua, na ulikaa nusu mita kutoka goti langu kwa miaka mitano.

Na la mwisho, ambalo si la motokaa. Mwanangu sasa ndiye mwenye karatasi ya kazi nyumbani kwetu, iwe ni kuezeka banda au kupima mbolea. Tumekubaliana kwamba akiona palipo peupe, aseme hapo hapo, hata kama Baba ana haraka. Mara mbili amenisimamisha, na mara moja nilitaka kukasirika. Nikakumbuka bajaji ile ya usiku, nikanyamaza.

Jumatatu ile, kabla ya kulala, nilifungua daftari la baba. Chini ya mwandiko wake palikuwa na mistari mitupu. Nikaandika kwa wangu: "Mkanda wa taimingi, mpya, pamoja na puli na sili. Km 183,240. Mwaka 2024. Mwingine: km 255,000 au miaka 7." Nikatazama neno lake la mwisho, nikalinakili chini ya langu kwa herufi kubwa kama zake.

Daftari liko tena ndani ya motokaa, lakini si kwenye droo. Nimelifunga kwa kamba kwenye usukani. Kila anayetaka kuwasha gari, hana budi kwanza kuliondoa kwa mkono.